Kadi Ndogo Ukutani: Kiswahili katika Maonyesho ya Sanaa za Waswahili



Katika jiji la Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kiitwacho Makumbusho. Kutwa nzima makondakta hulitangaza jina hilo kwa sauti za juu, na abiria hushuka hapo wakielekea sokoni, kazini au nyumbani. Ni wachache miongoni mwao wanaosita na kukumbuka kwamba jina lenyewe limetokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kandokando ya Barabara ya Bagamoyo ili kuhifadhi nyumba za jadi za makabila ya Tanzania: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, na nyinginezo. Neno lililokusudiwa kukumbusha limekuwa jina tupu la mahali pa kushukia.

Mada ya mhadhara huu ni maonyesho ya sanaa na usanifu wa Waswahili katika makumbusho na majumba ya sanaa, ya nchini na ya ng'ambo, yale yanayostahili kutembelewa. Lakini kitakachochunguzwa zaidi ni kitu kimoja kidogo ambacho mtazamaji hukipitia kwa haraka: kadi ya maelezo iliyobandikwa kando ya kifaa. Hoja itakayotetewa ni kwamba kifaa cha Mswahili kilichotenganishwa na maneno yake hakijaonyeshwa bado, hata kikiwekwa ndani ya kioo safi na kumulikwa kwa taa nzuri. Na ikiwa hivyo ndivyo, basi kuandika kadi hiyo ni kazi ya wanaisimu kama ilivyo kazi ya wanaakiolojia na wanahistoria wa sanaa.

Makumbusho, maonyesho, sanaa

Ni vyema kuanza na istilahi zenyewe, maana zinasema mengi. Nomino makumbusho imenyambuliwa kutokana na kitenzi kumbusha, ambacho ni kauli ya kutendesha ya kumbuka. Mabadiliko ya k kuwa sh hapo ni yale yale yanayoonekana katika waka na washa, amka na amsha, anguka na angusha. Kitenzi cha kutendesha hakikamiliki bila ya pande mbili, yaani anayetendesha na anayetendeshwa. Kwa hiyo neno makumbusho linabeba swali ndani yake: nani anamkumbusha nani, na anamkumbusha kwa lugha gani?

Maonyesho ni neno lenye historia ndefu zaidi. Kutokana na ona kulipatikana onya, kama vile kutokana na pona kulivyopatikana ponya. Onya kwa asili ni kumfanya mtu aone. Baadaye maana yake ilielekea upande wa kutahadharisha, ikabidi lugha iongeze kiambishi kingine cha kutendesha ili kuirudisha maana ya kwanza, na ndipo likapatikana onyesha. Waandishi wengine, hasa nchini Tanzania, hupendelea onesha na maonesho, ambamo kutendesha kumo mara moja tu. Hakuna haja ya kuligombania jambo hilo hapa. Inatosha kusema kwamba, kwa mujibu wa Kiswahili, baina ya kuonyesha na kuonya kuna udugu wa damu, na kwamba mtu aliyeonyeshwa kitu alitarajiwa aondoke na jambo.

Ama sanaa, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ufundi wa kutengeneza kitu. Mswahili hakuwa na neno moja kwa mchongaji wa sanamu na jingine kwa mchongaji wa mlango. Wote wawili ni mafundi, na kazi zao zote ni sanaa. Usanifu, ambao siku hizi hutumika kwa ubunifu wa majengo na vifaa, una mzizi mwingine kabisa wa Kiarabu, ule ule uliozaa Kiswahili sanifu. Kufanana kwa maneno hayo mawili masikioni kumewapoteza wengi. Na kwa kuwa lugha haikai kimya, usanii nao umepata maana ya ulaghai katika mazungumzo ya mitaani, jambo ambalo wasanii wenyewe hawajalifurahia hata kidogo. Pamoja na hayo, tofauti ambayo makumbusho mengi ya Ulaya yaliiweka kwa muda mrefu, kwamba picha na sanamu ni sanaa ilhali kiti, kikapu na leso ni mali za elimu ya makabila, haikutoka katika Kiswahili. Mswahili aliipokea ikiwa imeshatengenezwa.

Nyumba ya Lamu

Anayetaka kuona jinsi jina na kifaa vinavyoshikana aende Lamu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Makumbusho yake yamo katika nyumba kubwa ya ufukoni iliyowahi kukaliwa na maofisa wa serikali ya kikoloni, na si mbali na hapo pana nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni. Nyumba hiyo ni onyesho lenyewe. Mgeni huanzia kwenye daka, yaani kibaraza kilichofunikwa mlangoni, akapita tekani, akatokea kiwanda ambacho ni ua wa ndani, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na hatimaye ndani, chumba cha heshima chenye zidaka ukutani. Kadiri mtu anavyoingia ndivyo faragha inavyozidi, nakshi za chokaa zinavyozidi, na mwanga unavyopungua.

Maneno hayo ni ya Kiamu. Panapotamkwa chini na juu katika Kiswahili sanifu, Mwamu hutamka tini na yuu. Na panaposemwa vidaka yeye husema zidaka. Mwandishi wa kadi akisanifisha kila kitu, akaandika “sebule ya chini”, “sebule ya juu” na “vishubaka”, atakuwa ameeleweka kuanzia Kigoma hadi Kisumu, lakini atakuwa amemtoa mwenye nyumba nyumbani mwake. Akiandika Kiamu kitupu, mwanafunzi wa bara hatafahamu. Utatuzi si mgumu: neno la wenyeji litangulie, ufafanuzi wa Kiswahili sanifu ufuate, na lugha za kigeni zije baada ya hapo. La ajabu ni kwamba utaratibu huo, ambao ungemgharimu mchapaji mistari miwili tu, ni nadra kuonekana. Aghalabu msana hutafsiriwa, na tafsiri hiyo ndiyo hubaki ukutani peke yake.

Mlango wa nakshi una hali kama hiyo. Watalii hupiga picha za milango ya Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa maelfu, na milango kadhaa imo katika makumbusho. Kadi hutaja mti, karne na mahali. Hata hivyo, fundi anaposimama mbele ya mlango haoni mti na karne. Huona miimo, ambayo ni mihimili miwili ya pembeni, huona kizingiti cha juu na cha chini, huona mfaa, ule ubao wa katikati uliopigiliwa kwenye bawa moja ili ulifunike jingine mlango ufungwapo, huona komeo. Mfaa ndio unaostahili kutazamwa kwa makini kuliko vyote, kwa sababu ndio ubao mwembamba kuliko yote ilhali nakshi zake mara nyingi ni nyingi. Mtu asiyejua jina lake huutazama mlango kama uso mmoja na kwenda zake. Aliyeambiwa “tazama mfaa” huinamisha kichwa na kusogea. Jina limemwelekeza jicho. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kadi, na ni kazi ya kiisimu.

Kanga inamwambia nani?

Katika vitu vyote vya Kiswahili vinavyotundikwa kwenye majumba ya sanaa, kanga ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Mwaka 2013 British Museum mjini London iliziweka kanga katika maonyesho maalumu ya nguo za Kiafrika. Kabla ya kuwa kitu cha makumbusho, kanga ilikuwa bidhaa ya dunia kwa zaidi ya karne moja: ilichapwa katika viwanda vya Uholanzi, Uingereza, India na Japani kwa oda za wafanyabiashara wa pwani, na baadaye katika viwanda vya Afrika Mashariki, kikiwemo cha Urafiki cha Dar es Salaam. Jina lake jingine, leso, limetokana na Kireno.

Muundo wake unafahamika: pindo huzunguka, mji hukaa katikati, na maneno hupangwa ndani ya mji, karibu na pindo la upande mrefu. Maneno hayo huitwa jina. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama. Mnunuzi aulizapo jina la kanga, haulizi chapa ya kiwanda wala aina ya ua. Anauliza inasemaje. Nguo haina jina nje ya usemi wake.

Chukua jina moja linalojulikana sana: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Kitenzi kimo katika hali ya kukanusha amri, kina kiambishi cha nafsi ya pili umoja, na kina kauli ya kutendea. Nafsi hiyo ya pili haikutajwa. Ni nani huyo “wewe”? Ni jirani, ni wifi, ni mke mwenza, ni rafiki wa zamani? Sentensi haisemi, na uhodari wake umo katika kutosema. Aliyekusudiwa atajijua. Asiyekusudiwa atasoma methali. Mvaaji akiulizwa, anaweza kujibu kwamba amependa rangi tu, na hakuna mahakama itakayomtia hatiani. Zaidi ya hayo, maneno hukaa nyuma, chini ya kiuno. Mvaaji hayaoni. Husomwa na aliyebaki nyuma yake baada ya yeye kwisha kupita.

Sasa kanga hiyo itundikwe ukutani, imenyooshwa, imemulikwa, kipande kimoja cha doti bila ya mwenzake. Kadi itasema: pamba, imechapwa, Tanzania, sentimita kadhaa kwa kadhaa, ikifuatiwa na tafsiri ya maneno. Tafsiri hiyo inaweza kuwa sahihi neno kwa neno, lakini nafsi ya pili imekufa. Mtazamaji haambiwi yeye. Anaarifiwa kwamba Waswahili huambiana hivyo. Usemi umegeuzwa kuwa taarifa. Kwa mwanafunzi wa pragmatiki hilo ni badiliko kubwa kuliko kufifia kwa rangi, na kwa rangi makumbusho huajiri wataalamu wa kuzihifadhi.

Isieleweke kwamba kanga zisionyeshwe. Maonyesho ya “World on the Horizon”, yaliyohusu sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, yalionyesha namna jambo hili linavyoweza kufanywa kwa heshima. Yalifunguliwa mwaka 2017 katika Krannert Art Museum huko Illinois, Marekani, yakahamia Washington mwaka 2018, kisha Los Angeles, ambako yalimalizika mwaka 2019. Waandalizi wake walikusanya vitu kutoka mabara kadhaa, vikiwemo vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na vya Oman, na hawakumweka Mswahili kama mkia wa Uarabuni wala kama kisiwa kilichojitenga na bara. Vito, viti, vitabu vya mkono, picha za studio na nguo viliwekwa pamoja, na tofauti ile ya “sanaa” na “mali za makabila” ikaachwa mlangoni. Hata hivyo, yalikuwa maonyesho ya watu wa Marekani, na lugha yake kuu ilikuwa yao. Wala hiyo si lawama. Swali linawahusu wenye Kiswahili: maonyesho ya ukubwa huo yakija Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, ni nani aliye tayari kuyaandikia kadi?

Jina likibadilika, sanamu hubadilika

Mfano ufuatao ni wa Wamakonde, na haukutoka pwani ya Waswahili, ila umepita katika Kiswahili hadi kufika kwenye makumbusho ya dunia. Watu wengi wanaijua ile nguzo ya mpingo yenye watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, kuanzia shina hadi kilele. Katika maduka na katika majumba ya sanaa huitwa “ujamaa”. Lakini mtindo huo, unaohusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, uliitwa kwanza dimoongo, na aliyekuwa juu ya nguzo, inavyoelezwa, alikuwa mshindi wa mieleka aliyenyanyuliwa na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, siasa ya nchi iliipa nguzo hiyo jina jipya, nao wachongaji wakaifuata: mshindi akayeyuka ndani ya ukoo, na nguzo ikawa ya jamaa wanaotegemeana.

Majina yote mawili ni ya kweli. Kila moja lina historia yake. Lakini mtazamaji aliyepewa la pili peke yake huona umoja, na hawezi kuona mieleka. Kadi inayoandika “Ujamaa, mpingo, Tanzania” imefuta badiliko la fikra lililochukua miaka michache na kuacha alama juu ya gogo. Vivyo hivyo Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia nyumba juu ya vibao vya mraba na kufariki kwa risasi ya polisi mwaka 1972, amekuwa jina la mtindo. Wapo wanunuzi wasiojua kwamba tingatinga alikuwa mtu.

Siwa iliyonyamaza na vioo vitupu

Wageni wa Lamu huoneshwa kwa fahari siwa mbili: ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu na kuzidi urefu wa mita 2, na ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba. Ni kazi za mikono ambazo hazina nyingi za kufananishwa nazo katika Afrika ya Mashariki. Lakini siwa si sanamu. Ni pembe ya kupigwa, nayo hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Ilisikika katika kutawazwa kwa watawala na katika arusi za watu wa nasaba, na haki ya kuipiga ilikuwa sehemu ya haki ya kutawala. Kiswahili kimelihifadhi jambo hilo mpaka leo katika methali ya mbiu ya mgambo, ambayo ikilia kuna jambo. Wazo ni kwamba chombo hicho kinatambuliwa kwa kulia kwake. Kadi isiyotaja mlio imeeleza ganda.

Kuna vyombo vilivyonyamazishwa zaidi ya hapo. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902 na kuingizwa British Museum mwaka 1908. Kwa zaidi ya karne nzima ilikaa ghalani. Ngoma hiyo iliheshimiwa kwa sauti yake na hata kuonwa na kila mtu haikuruhusiwa. Huko ng'ambo haikusikika.

Kwa sababu hiyo, maonyesho yaliyofanyika katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi mwaka 2021, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano wa watafiti na wasanii wa Kenya na Ujerumani, yalistahili kutembelewa kuliko mengi yenye vitu. Yalihusu mali za Kenya zilizomo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zaidi ya 32,000 kwa hesabu ya mradi wenyewe, na miongoni mwa vilivyowekwa mbele ya mtazamaji vilikuwemo vioo vitupu. Kilichokuwepo ni orodha. Mwanaisimu anapozisoma orodha za namna hiyo hugundua jambo ambalo si rahisi kuonekana kwa wengine: aghalabu jina la kienyeji halimo. Kimeandikwa ngoma, mkuki, kibuyu, kikapu, kwa lugha ya aliyekichukua. Kurudisha kitu hutaka serikali, sheria na pesa. Kurudisha jina hutaka mtu aende kwa wazee na daftari, na wazee hao hawangoji mazungumzo ya serikali yamalizike.

Kadi zinavyoweza kuandikwa

Yafaa kuyaacha malalamiko na kutoa mfano. Miongoni mwa vifaa vya jikoni vinavyoonyeshwa mara kwa mara, kwa kuwa hupendeza kwa kuchongwa kwake, ni mbuzi. Kwa wasiokizoea, ni kiti kidogo kikunjwacho chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mwanafunzi wa ngeli atakifurahia: jina ni lile lile la mnyama, ila mnyama hupata upatanisho wa viumbe wenye uhai, na chombo kikabaki katika ngeli ya nomino yake. Mzungumzaji hafundishwi jambo hilo na mtu, na hakosei.

Kadi ya kanga iliyotajwa ingeweza kuwa hivi: “Leso au kanga. Pamba. Huuzwa kwa doti, vipande viwili. Jina lake: Usisafirie nyota ya mwenzio. Huvaliwa maneno yakiwa nyuma. Anayeyasoma ndiye anayeambiwa.”

Ya siwa: “Siwa ya Pate. Pembe za ndovu. Hushikwa na kupulizwa ubavuni. Ilipolia, mji ulijua kuwa kuna utawala au arusi.”

Na ya tatu: “Mbuzi ya kukunia nazi. Mti na chuma. Mkunaji hukalia kiti na kuikamata kifuu kwa mikono miwili. Husemwa mbuzi hii. Mbuzi huyu yuko zizini.”